Sarafu Isiyo na Sura

Mazungumzo ya redio ya asubuhi. Somo: Mathayo 22:15-22

 

Somo letu la leo mnalijua. Mafarisayo walituma watu wamwulize Yesu kama ni halali kumlipa Kaisari kodi. Akisema ndiyo, watu wake watamchukia. Akisema siyo, askari watamshika. Yeye akataka aonyeshwe fedha ya kodi. Tusimame hapo kidogo, maana wahubiri wengi hupapita mbio. Hatusomi kwamba Yesu alitia mkono mfukoni akatoa dinari. Waliokuwa nayo ni wale wale waliojifanya kuionea mashaka. Walikuja kuuliza kama fedha ya Kaisari inafaa, na huku wamekuja nayo! Kisha akawauliza sura iliyo juu yake ni ya nani.

Nimelichagua somo hili kwa sababu siku hizi, kila nikitoka kanisani baada ya ibada, hakosi mtu wa kunivuta kando. "Mchungaji, eti Benki Kuu italeta pesa ya kompyuta, noti zitaondolewa, na asiyekuwa na namba hatanunua hata unga. Hiyo si ndiyo ile ya Ufunuo?" Mwingine huuliza akicheka, lakini macho yake hayacheki. Juzi aliyeuliza alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu asiyetishwa na maneno ya sokoni. Nikaona swali hili linastahili kujibiwa hadharani.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Noti ya shilingi mia uliyo nayo mfukoni ni deni la Benki Kuu kwako. Fedha uliyoiweka katika benki ya biashara siyo hivyo. Hiyo ni deni la benki ile. Benki hiyo ikifunga milango, wenye akiba hungoja. Tuliyaona hayo kwa Dubai Bank na Imperial Bank mwaka 2015, na kwa Chase Bank mwaka 2016. Tangu mwaka 2020 bima ya akiba humlinda mwenye fedha mpaka shilingi 500,000. Kilichozidi hapo ni cha kungojea. Nayo M-Pesa, tuliyoizoea tangu mwaka 2007, ni fedha ambayo kampuni ya simu imekupokelea, na shilingi zenyewe zimewekwa amana katika mabenki. Sasa hii inayozungumzwa, pesa ya kidijitali ya Benki Kuu, ni kama ile noti yenyewe, ila haikuchapwa karatasini. Inakaa katika simu au katika kadi, na mdaiwa wako ni Benki Kuu moja kwa moja.

Je, iko Kenya? Haiko. Mwezi wa Februari 2022 Benki Kuu yetu ilitoa karatasi ya majadiliano ikawauliza wananchi maoni yao, ikawapa muda mpaka tarehe 20 Mei mwaka ule. Mwezi wa Juni 2023 ikatoa jibu: kwamba kwa Kenya jambo hili si la haraka kwa wakati wa karibu, maana shida nyingi ambazo pesa hiyo ingeponya, tayari zinaponywa na njia tulizo nazo. Basi mtu akikuambia noti zinafutwa Krismasi ijayo, mwulize kwa upole amezipata wapi habari hizo.

Lakini simdharau mwenye hofu. Tarehe 1 Juni 2019, Sikukuu ya Madaraka, tulitangaziwa kwamba noti ya zamani ya shilingi elfu moja itakufa tarehe 30 Septemba mwaka ule ule. Siku ilipofika, noti za thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 7 zilikuwa hazijarudi. Tuliambiwa nia ni kuwanasa wenye fedha haramu, na naamini wako walionaswa. Ila sidhani kila noti iliyosalia ilikuwa ya mwizi. Wako bibi vizee waliofunga noti mbili tatu katika pindo la leso, wakaziweka chini ya godoro kwa ajili ya maziko yao wenyewe. Mtu aliyewahi kushika noti asubuhi ikawa karatasi jioni, huyo haogopi bure akisikia habari za pesa mpya.

Sasa nataka tusafiri mpaka Nijeria, maana huko jambo hili lilijaribiwa kwa watu kama sisi, wenye masoko kama yetu na makanisa yaliyojaa kama yetu. Tarehe 25 Oktoba 2021 Rais Muhammadu Buhari alizindua eNaira, pesa ya kidijitali ya Benki Kuu ya Nijeria. Ilikuwa ya kwanza kutolewa kwa wananchi wote katika bara letu. Waliambiwa faida zake: haina riba lakini haina hasara, inatumwa upesi, serikali itawafikishia maskini msaada bila mikono ya kati. Maneno mazuri, na sidhani yalikuwa uongo.

Watu wakafanyaje? Hawakuandamana wala hawakuvunja kitu. Hawakuitumia tu. Mwezi wa Novemba 2022, mwaka mmoja na zaidi umepita, mikoba ya eNaira ya watu wa kawaida ilikuwa kama 860,000, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 200. Watafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa walipochunguza, waliona kwamba katika juma lolote, asilimia 98.5 ya mikoba hiyo haikuguswa. Mtu amejiandikisha, labda kwa sababu karani wa benki amemsihi, kisha ameiacha pale kama Biblia ya zawadi iliyowekwa kabatini.

Kwa nini? Wataalamu watasema simu, mtandao, na kwamba wenye maduka hawakuona faida ya kuipokea. Kweli. Lakini kumbukumbu za watu nazo zina sauti. Mwaka mmoja kabla ya eNaira, Oktoba 2020, vijana wa Nijeria walijaza barabara kulalamikia kikosi cha polisi kilichoitwa SARS. Baadaye Benki Kuu ile ile ilikwenda mahakamani ikapata amri ya kufunga akaunti za baadhi ya watu waliohusika na maandamano yale. Zilikuja kufunguliwa mwaka 2021. Sasa fikiri wewe ni kijana wa Lagos. Yule yule aliyeziba akaunti za wenzako amekuja na mkoba mpya, akisema, weka fedha zako humu, mimi nitakuwa mtunzaji. Hata kama mkoba ni wa dhahabu, utausitasita.

Halafu ikaja ile dhiki ya mwanzo wa mwaka 2023. Benki Kuu ilikuwa imebadili noti za naira 200, 500 na 1,000, ikaagiza za zamani zirudi kabla ya tarehe 31 Januari. Muda ukasogezwa mpaka tarehe 10 Februari. Wakati huo huo, kiasi ambacho mtu angeweza kutoa benki kilikuwa kimewekewa mpaka. Za zamani zilirudi, mpya hazikutosha. Watu walilala kwenye foleni za mabenki. Mtu alikuwa na fedha katika akaunti lakini hana nauli. Wakala wa kutoa fedha akawa anauza noti kwa noti, akikata sehemu kubwa. Katika miji mingine watu walishambulia mabenki kwa hasira. Tarehe 3 Machi 2023 Mahakama Kuu Kabisa ya Nijeria ikaamua kwamba noti za zamani ziendelee kutumika mpaka mwisho wa mwaka ule. Baadaye mahakama hiyo hiyo ikazirefushia maisha zaidi.

Katika majuma yale ya njaa ya noti, eNaira ilipata wateja. Wengi walijiandikisha, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Ndugu zangu, mimi sioni kama hapo ndipo watu walipoipenda. Mtu aliyefungiwa mlango wa mbele akapitia dirishani, huwezi kusema amelichagua dirisha.

Katika Mwanzo sura ya 23 Ibrahimu ananunua shamba la Makpela amzike Sara. Anapima shekeli 400 za fedha mbele ya Wahiti, na Maandiko yanaonyesha kwamba ni fedha iliyokubaliwa na wafanya biashara. Hapakuwa na mfalme aliyeigonga mhuri. Ilikuwa fedha kwa sababu mwuzaji na mnunuzi na mashahidi langoni walikubaliana kwamba ni fedha. Huko Nijeria serikali iligonga mhuri, lakini langoni hawakukubaliana. Sisi hapa M-Pesa hatukuamriwa na mtu. Mama wa mboga aliikubali kabla ya maprofesa kuandika vitabu juu yake.

Sasa nije kwenye Ufunuo 13, maana najua wengine mnangoja hapo tu.

Sura ile inasema habari za mnyama na alama katika mkono wa kuume au katika kipaji cha uso, na kwamba asiye nayo hawezi kununua wala kuuza. Wazee wetu waliambiwa alama hiyo ni ile mistari myeusi iliyochapwa kwenye bidhaa za dukani. Baadaye ikawa kadi ya benki. Mwaka 2019 ikawa Huduma Namba, na wako watu waliokataa kuandikishwa kwa ajili hiyo. Mwaka 2021 wengine wakasema ni chanjo. Kila miaka michache mnyama anapewa vazi jipya, na mhubiri mwenye kipaza sauti anapata mkutano mkubwa. Nasema kwa heshima kwa watumishi wenzangu: tunawachosha watu. Mtu akitishwa mara tano kwa mbwa mwitu asiyetokea, siku ya mbwa mwitu mwenyewe hatainua kichwa.

Someni sura ile yote bila haraka. Yohana aliwaandikia makanisa ya Asia yaliyokuwa chini ya Rumi, ambako sura ya Kaisari ilifukizwa uvumba. Jambo la kwanza linalodaiwa na mnyama ni ibada. Watu wanasujudu, ndipo wanatiwa alama. Hakuna mtu anayejikuta ameabudu kwa bahati mbaya, eti alibonyeza kitufe kisichofaa katika simu. Tena geuzeni ukurasa mmoja tu, sura ya 14, mkawaone wale wenye jina la Mwana-Kondoo na la Baba yake katika vipaji vya nyuso zao. Alama hiyo hatuisikii ikihubiriwa sana. Ninyi mliobatizwa mlichorwa msalaba pale pale pajini mwa uso.

Hata hivyo sisemi sura ile haituhusu. Inatuhusu sana, kwa njia nyingine. Yohana alifahamu kwamba mtawala akitaka kumnyamazisha mtu, si lazima amtie gerezani. Amfungie soko tu. Mtu asiyeweza kununua unga atainama upesi kuliko aliyepigwa viboko. Ufunuo hautuelezi habari za mashine; unatueleza habari za mtawala. Basi swali la Mkristo siyo kama ndani ya kompyuta ya Benki Kuu kumejificha namba 666. Swali ni hili: je, yuko mtu ofisini atakayeweza kubonyeza mahali, mjane au mwandamanaji au kanisa zima likaamka asubuhi haliwezi kununua? Na akibonyeza kwa kuonea, ni hakimu gani atakayemzuia, na kwa muda gani?

Oneni tofauti ya maswali haya mawili katika habari ya Huduma Namba. Waliosema ni alama ya mnyama walikimbia maandikisho, basi, ikaishia hapo. Wengine, wakiwamo watetezi wa haki za Wanubi, walikwenda Mahakama Kuu wakauliza: habari hizi zitalindwa na nani? Mwezi wa Januari 2020 mahakama ikakataza serikali kuchukua vipimo vya DNA, na ikataka sheria kamili iwekwe kwanza. Mwezi wa Oktoba 2021 ikasema tena kwamba kadi zile zilianza kutolewa bila kufuata sheria ya kulinda habari za watu ya mwaka 2019. Swali lililoulizwa vizuri lilipata jibu.

Wala hofu hii si ya Waafrika peke yao. Benki Kuu ya Ulaya ilipowauliza watu wake, kutoka Oktoba 2020 hadi Januari 2021, majibu yalizidi 8,000, na jambo lililotajwa na wengi kuliko yote, asilimia 43, lilikuwa faragha: mtu asichunguzwe anachonunua. Uingereza ilipouliza mwaka 2023, majibu yalipita 50,000, na faragha ikawa tena mstari wa mbele. Marekani, mwezi wa Januari 2025, Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kuzikataza idara za serikali yake kuanzisha pesa ya namna hiyo. Huyo nisimfanye mwalimu wetu katika jambo hili wala katika mengine. Nataja tu mjue kwamba shaka hii imeingia hata katika nyumba kubwa.

Faragha. Neno hili wengine hulisikia kama neno la mwenye siri mbaya. Lakini Bwana wetu katika Mathayo 6 alitufundisha kutoa sadaka kwa siri, hata mkono wa kushoto usijue. Tangu korona ya mwaka 2020 makanisa yetu mengi yameweka namba ya kulipia kwa simu, nami nashukuru, maana bila hiyo tungefunga. Ila sasa mweka hazina huona jina na kiasi na dakika. Katika parokia moja ninayoijua yuko mzee asiyetaka kabisa. Kila Jumapili huleta noti iliyokunjwa mara nne. Vijana humcheka kwamba simu imemshinda. Haikumshinda, kahawa yake huuza kwa simu. Aliniambia, "Mchungaji, mwaka wa mavuno mabaya natoa hamsini. Sitaki Mungu na mweka hazina waijue siku moja."

Sasa, hapa lazima niwaseme kidogo. Mwezi wa Julai 2023 watu walipanga foleni ndefu pale KICC Nairobi, wakaweka macho yao mbele ya chombo cha kampuni ya kigeni iitwayo Worldcoin wapigwe picha ya mboni, kwa ajili ya pesa ya kidijitali yenye thamani ya kama shilingi 7,000. Serikali ikasimamisha jambo hilo mwanzoni mwa Agosti, na mwezi wa Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru habari zile zifutwe. Siwezi kuwalaumu sana, maana najua bei ya unga ilivyokuwa mwaka ule. Lakini katika foleni ile nina hakika walikuwamo watu waliokataa Huduma Namba kwa ajili ya Ufunuo. Kaisari tulimwogopa, mgeni tukampa jicho.

Turudi kwa ile dinari. Sarafu ya Kaisari ilikuwa na sura yake, na mwananchi aliitazama akajua ni ya nani. Katika Kenya, katiba ya mwaka 2010 ilikataza noti na sarafu kuwa na picha ya mtu yeyote, nami naona ni sheria nzuri. Lakini pesa hii ya kidijitali haina sura kabisa ya kutazamwa. Yenyewe ndiyo inayomtazama mwenye kuitumia. Inajua ulinunua dawa gani, ulimtumia nani, ulilala mji gani. Nani asome kitabu hicho? Mwaka 2025 mswada wa fedha ulitaka kumwondolea mtoza kodi kizuizi cha kudai habari za siri za wateja wa wafanya biashara. Wananchi walipiga kelele, na Bunge likakiondoa kifungu hicho. Kodi tulipe, Bwana alisema wazi. Ila alipoagiza Kaisari apewe kilicho cha Kaisari, hapo hapo aliweka mpaka, kwamba kuna kilicho cha Mungu. Mtu ameumbwa kwa sura ya Mungu. Kaisari ana haki ya kudai dinari. Sioni mahali alipopewa haki ya kuandika kila hatua ya aliyeibeba.

Basi Benki Kuu ikituuliza tena, na ilisema itaendelea kuangalia mambo yanavyokwenda duniani, nisingependa makanisa yetu yajibu kwa mkesha wa kukemea mashetani peke yake. Halmashauri ya parokia ikae, mwandishi achukue kalamu. Ulizeni: noti zitabaki kwa anayezitaka, na kwa sheria, si kwa ahadi ya mdomo? Pesa hiyo itafanya kazi Marsabit na Tana River pasipo na mtandao, na kwa mama mwenye simu ya kitufe? Akaunti haitafungwa bila amri ya hakimu, na mwenyewe asikilizwe? Barua ya mtu wa kawaida hupokelewa. Katiba inataka wananchi washirikishwe.

Na liko jambo moja ambalo sijaliona likijadiliwa sana na wakubwa, bali mimi nalikuta nyuma ya maziko. Marehemu amezikwa, wageni wameondoka, mjane ananiletea simu. "Mchungaji, alikuwa na akiba humu, hakuniambia namba ya siri." Noti chini ya godoro mjane huziona mwenyewe. Zilizo ndani ya simu humchukua kwenda kwa chifu, kortini, kwa kampuni, akirudishwa kwa ajili ya karatasi hii na ile, na zisipodaiwa kwa miaka hupelekwa kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Wengine huchoka njiani wakaacha. Pesa mpya ikija, mjane huyo atafunguliwaje, kwa siku ngapi, na bila kulipa nini? Nalo liandikeni katika barua.

Muda wangu umekwisha. Mungu akipenda tutakutana hapa juma lijalo, saa hii hii. Bwana awe nanyi.